Sheria ya miezi kumi na saba: musaada wa wazee wagonjwa kule Marekani, 1988-1989

Mara nyingi tunasikia watu wakisema kwamba serikali ikiisha kuwapa raia musaada, haiwezi tena kuwanyanganya. Neno hilo lina ukweli wake. Lakini historia ya Marekani inatupa mufano mumoja unaolipinga, na tunaona vema tuueleze hapa. Mwaka 1988 Wamarekani walitunga sheria kubwa ya kuwasaidia wazee wagonjwa. Wadepite wengi sana waliikubali. Miezi kumi na saba baadaye sheria ile ilifutwa, na wenye kuomba ifutwe walikuwa wazee wenyewe. Ajabu gani hii? Mugonjwa anawezaje kuikataa dawa yake? Tuangalie mambo yalivyokwenda, moja kwa moja.

1. Asiransi ya wazee

Ili tufahamu sheria ya 1988, lazima tuanze na mama yake, yaani sheria ya 1965.

Tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1965, Prezida Lyndon Johnson alisafiri mpaka muji wa Independence, katika jimbo la Missouri, kutia sahihi sheria ya Medicare. Hakutia sahihi kule Washington, kwa sababu alitaka kumuheshimu muzee Harry Truman. Huyo alikuwa Prezida zamani, naye alijaribu kwa miaka mingi kuwapa Wamarekani asiransi ya ugonjwa, asifaulu.

Medicare ni asiransi ya serikali kwa watu wenye miaka 65 na zaidi. Sheria ile ile ilianzisha pia Medicaid, ndio musaada wa matunzo kwa maskini, unaolipwa na serikali kuu pamoja na majimbo. Majina haya mawili yanafanana, lakini tusiyachanganye: Medicare ni ya wazee, tajiri na maskini pamoja, Medicaid ni ya maskini. Tutaona mbele kwamba tofauti hiyo ina maana kubwa.

Feza ya Medicare inatoka wapi? Matunzo ya hospitali yanalipwa kwa kodi inayokatwa juu ya mishahara ya wafanyakazi wote. Kwa kazi ya wanganga, wazee wanalipa kiasi kidogo kila mwezi, na serikali inaongeza sehemu kubwa. Tuangalie vizuri musingi wa jambo hili: mwenye nguvu anamulipia aliyezeeka, akijua kwamba siku moja yeye naye atazeeka, na wengine watamulipia.

Lakini asiransi hiyo ilikuwa na matundu. Muzee alipolala hospitalini, alilipa kwanza kiasi kilichowekwa, kisha Medicare ililipa mpaka siku ya 60. Kutoka siku ya 61 mpaka ya 90 mugonjwa alitoa feza yake kila siku. Nyuma ya siku 90 zilibaki siku 60 tu za akiba kwa maisha yake yote, nazo pia kwa kulipia. Zikiisha, garama yote ilikuwa juu yake. Juu ya wanganga, Medicare ililipa sehemu 80 kwa 100 za bei iliyokubaliwa. Sehemu 20 zilibaki kwa mugonjwa, na hapakuwa na kikomo. Dawa alizonunua na kunywa nyumbani hazikulipwa. Na kukaa kwa miaka katika nyumba ya kutunzia wazee hakukulipwa hata kidogo.

Wazee wenye uwezo walinunua asiransi ya pili kwa makampuni ili kuziba matundu hayo, ao walipewa na kampuni walipofanya kazi zamani. Maskini kabisa waliweza kupata Medicaid. Waliobaki katikati, wasio tajiri wala maskini wa kutosha, ugonjwa murefu uliweza kuwala nyumba na shamba na akiba ya maisha yao.

2. Wazo la munganga Bowen

Ministri wa Afya wa Prezida Ronald Reagan aliitwa Otis Bowen. Kabla ya kuwa gavana wa jimbo la Indiana alikuwa munganga wa kawaida katika muji mudogo, akitibu jamaa kwa jamaa. Aliyajua mambo ya wagonjwa kwa macho yake, si kwa vitabu tu. Mwaka 1986, katika hotuba yake ya kila mwaka, Prezida Reagan alimuagiza atafute njia ya kuwasaidia watu wasifilisiwe na ugonjwa mukubwa.

Shauri la Bowen lilikuwa jepesi. Kila muzee aongeze malipo ya dola 4 na senti 92 kwa mwezi. Kwa feza hiyo Medicare iweke kikomo: muzee akiisha kutoa dola 2,000 katika mwaka mumoja, yanayobaki yalipwe na asiransi. Ni hivyo tu.

Reagan hakupenda kuongeza kazi za serikali, na wengine katika serikali yake walimupinga Bowen. Mwishoni Prezida alikubali, lakini kwa sharti: feza isitoke katika sanduku la serikali, kwa sababu deni la inchi lilikuwa limekwisha kuwa kubwa. Wenye kusaidiwa wajilipie wenyewe. Ndani ya sharti hilo ndimo ulimolala ugonjwa utakaoiua sheria.

3. Shauri linakua

Shauri likaingia katika Baraza la Wadepite na Senati. Huko likanenepa. Wadepite walisema: ikiwa tunaziba tundu moja, kwa nini tuache mengine? Wakaongeza dawa. Wakaongeza siku za matunzo katika nyumba za wanganga wauguzi. Wakaongeza pia mambo ya Medicaid kwa maskini. Chama kikubwa cha wazee, AARP, kiliunga mukono. Mwezi wa 6 mwaka 1988 Baraza la Wadepite lilikubali kwa sauti 328 juu ya 72, na Senati kwa sauti 86 juu ya 11. Tarehe 1 mwezi wa 7 Reagan akatia sahihi.

Sheria ilitoa nini? Kwanza, tangu 1989, muzee alilipa mara moja tu kwa mwaka dola 560 kwa ajili ya hospitali, kisha aliweza kulala huko siku zote alizohitaji pasipo kulipa tena. Pili, tangu 1990, kikomo cha dola 1,370 kwa mwaka kingewekwa juu ya malipo yake kwa wanganga. Tatu, tangu 1991, akiisha kununua dawa za dola 600, asiransi ingeanza kulipa nusu ya zile zinazobaki, na sehemu yake ingeongezeka mwaka kwa mwaka.

Kwa macho ya mwenye kusoma leo, haya yote ni mema. Basi kwa nini yalikataliwa?

4. Nani atalipa?

Sheria ilileta malipo ya namna mbili. Ya kwanza ni dola 4 kila mwezi kwa kila muzee mwaka 1989. Hayo hayakuleta kelele kubwa. Ya pili ni nyongeza juu ya kodi ya mapato. Kwa kila dola 150 za kodi ambazo muzee aliwiwa na serikali, aliongeza dola 22 na senti 50. Kwa mufano, aliyekuwa na kodi ya dola 1,500 aliongeza dola 225. Kikomo kilikuwa dola 800 kwa mutu mumoja mwaka ule, ni kusema dola 1,600 kwa mume na muke. Na kikomo hicho kilipangwa kipande mpaka dola 1,050 mwaka 1993.

Tuseme kweli: wazee walio wengi hawakupaswa kulipa nyongeza hiyo hata senti moja, kwa sababu mapato yao yalikuwa madogo. Karibu wazee 40 kwa 100 tu wangeilipa, na wachache sana wangefika dola 800. Lakini katika midomo ya watu hesabu hiyo iligeuka. Wazee wengi waliamini kwamba kila mutu atatozwa dola 800. Muzee mwenye mushahara mudogo alishika kichwa kwa ajili ya deni ambalo halikuwa lake.

Lakini tusiseme upesi kwamba wazee walikosa akili ao walijaa choyo. Walikuwa na sababu tatu, na kila moja ina uzito.

Sababu ya kwanza: malipo yalitangulia, matunda yakachelewa. Kodi ilianza 1989, dawa zingeanza 1991. Walioitunga sheria walitaka sanduku lijae kwanza, na kwa hesabu ya feza ni busara. Lakini mutu mwenye miaka 80 hahesabu miaka kama kijana. Kumwambia alipe leo apate kesho kutwa ni kumuomba kitu kigumu.

Sababu ya pili: wengi walioguswa na kodi kubwa walikuwa na ile asiransi ya pili, tena wengine walipewa bure na kampuni yao ya zamani. Waliona wanalazimishwa kununua mara mbili kitu walichonacho nyumbani. Na jambo walilolihofia kupita yote, yaani miaka murefu ya uzaifu katika nyumba ya kutunzia wazee, sheria haikuligusa. Depite Claude Pepper wa Florida, muzee mwenyewe na mutetezi wa wazee, alileta shauri la matunzo ya siku nyingi nyumbani katika mwezi ule ule wa 6 mwaka 1988. Baraza lilikataa kulijadili.

Sababu ya tatu ni kubwa kupita mbili hizo. Tangu 1965 Medicare ilisimama juu ya wote: kijana na muzee, muzima na mugonjwa. Sheria ya 1988 ndiyo ya kwanza iliyosema: nyongeza hii, wazee peke yao wataibeba. Tajiri wa miaka 64 hakulipa kitu. Jirani yake wa miaka 66 alitozwa kodi mupya kwa sababu ya umri wake. Wazee waliliona jambo hilo kuwa adhabu ya kuzeeka. Hapo ndipo sharti la Reagan lilipozaa tunda lake.

5. Kelele za mwaka 1989

Barua zilianza kumiminika Washington. Shirika moja lililoanzishwa na James Roosevelt, mutoto wa Prezida Franklin Roosevelt, liliwatumia wazee barua nyingi za kuwahimiza wapinge sheria. AARP iliendelea kuitetea, na wanachama wake wengi waliikasirikia.

Tarehe 17 mwezi wa 8 mwaka 1989, depite Dan Rostenkowski alikuwa kwao Chicago. Yeye alikuwa mukubwa wa komite ya kodi katika Baraza la Wadepite, mumoja wa watu wenye nguvu kabisa katika inchi. Alikutana na viongozi wa wazee. Alipotoka, kundi la wazee lilimungoja inje wakipiga kelele. Aliingia ndani ya motokari, wakaizunguka. Mwanamuke mumoja muzee akapanda mbele juu yake, wengine wakaipiga kwa miti ya mabango yao. Depite akashuka, akakimbia kwa miguu, na motokari ikamukuta mbele. Televizio ilionyesha mambo hayo katika inchi nzima. Wadepite wote waliyaona, na kila mumoja alijiuliza: je, kesho si zamu yangu?

Juu ya hayo, wenye hesabu wa Baraza walitoa makadirio mapya. Garama ya dawa ilionekana kuwa karibu mara mbili ya ile waliyoikadiria mwaka uliotangulia. Basi hata waliotaka kupunguza kodi ili kuokoa sheria walijikuta hawana njia.

6. Kufutwa

Tarehe 4 mwezi wa 10 mwaka 1989 Baraza la Wadepite lilipiga kura ya kuifuta sheria: 360 juu ya 66. Tulinganishe na mwaka uliotangulia: 328 walikuwa wameikubali. Watu walewale walijenga, watu walewale walibomoa.

Senati ilijaribu njia nyingine. Senateri John McCain wa Arizona alileta shauri la kuondosha ile kodi ya nyongeza, lakini kuacha sehemu ya musaada, zaidi matunzo ya hospitali. Tarehe 6 mwezi wa 10 wasenateri 99 walilikubali, wala hakuna aliyekataa. Lakini Baraza la Wadepite lilishika neno lake, na katika mwezi wa 11 Senati ililegea. Tarehe 13 mwezi wa 12 mwaka 1989 Prezida George Bush alitia sahihi sheria ya kuifuta sheria. Dawa zilizotazamiwa hazikufika. Kikomo cha malipo ya wanganga hakikuanza. Siku za hospitali zikarudi kuhesabiwa kama zamani.

7. Kilichobaki

Hata hivyo, si yote yaliyofutwa. Zile sehemu za Medicaid zilizowekwa ndani ya sheria ya 1988 zilibaki, na zipo mpaka leo.

Ya kwanza: kwa muzee maskini, Medicaid inalipa malipo yake ya Medicare pamoja na sehemu ambayo ingebaki juu yake. Ya pili: majimbo yalilazimishwa kuwapa matunzo wanawake wenye mimba na watoto wachanga wa jamaa maskini. Ya tatu ni ya watu wa ndoa. Zamani, mume alipoingia katika nyumba ya kutunzia wazee, karibu mali yote ya jamaa ilipaswa kuliwa kabla Medicaid haijaanza kulipa, na muke aliyebaki nyumbani akawa maskini. Sheria ilimuachia yule aliyebaki sehemu ya mapato na akiba ili aweze kuishi.

Kwa nini sehemu hizi ziliokoka? Kwa sababu ile kodi iliyochukiwa haikuzilisha. Zililipwa na sanduku la wote. Hakuna aliyekwenda Chicago kupiga kelele juu ya mama mwenye mimba ao juu ya muke wa mugonjwa. Maskini walibaki na chao, na tajiri walibaki na asiransi yao ya pili. Waliopoteza ni wale wa katikati, wasiostahili Medicaid, wasioweza kununua asiransi nyingine. Ndio waliohitaji sheria kupita wote. Lakini sauti yao haikusikiwa: mugonjwa aliyelala kitandani siku ya 100 haendi kwenye mukutano. Wenye afya na wakati na feza ya safari ndio waliosema kwa jina la wazee wote.

8. Yaliyofuata

Tundu la dawa lilibaki wazi kwa miaka mingi. Tarehe 8 mwezi wa 12 mwaka 2003 Prezida George W. Bush, mutoto wa yule aliyefuta, alitia sahihi sheria ya kulipia dawa za wazee, na ilianza tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2006. Safari hii sehemu kubwa ya feza ilitoka katika sanduku la serikali, na muzee alikuwa huru kuingia ao kukataa. Sheria ile ilisimama. Mwaka 2022 sheria nyingine iliweka kikomo juu ya malipo ya dawa hizo kwa mwaka, nacho kilianza kwa dola 2,000 mwaka 2025. Lakini kikomo juu ya malipo ya hospitali na wanganga, ambacho Bowen alikiomba mwaka 1986, Medicare ya asili haijakipata. Wazee wenye kuchagua asiransi za makampuni mahali pake wanacho. Wengine wanaendelea kununua asiransi ya pili kama zamani.

Wamarekani walijaribu tena kufuta sheria kubwa ya afya. Tarehe 23 mwezi wa 3 mwaka 2010 Prezida Barack Obama alitia sahihi sheria ya kuwapatia asiransi watu wengi wasiokuwa nayo. Wapinzani wake walijitahidi miaka saba kuifuta. Mwezi wa 5 mwaka 2017 Baraza la Wadepite lilikubali shauri la kuifuta kwa sauti 217 juu ya 213. Usiku wa kuamkia tarehe 28 mwezi wa 7 shauri lingine la kufuta sehemu zake lilianguka katika Senati kwa sauti 49 juu ya 51. Mumoja wa waliokataa alikuwa yule yule John McCain, sasa muzee na mugonjwa. Mwisho wa mwaka ule Baraza liliondosha kitu kimoja tu kikubwa: malipo ya adhabu kwa asiyekuwa na asiransi. Yaliyobaki yalisimama, kwa sababu watu kwa mamilioni walikuwa wamekwisha kuyaonja.

Tukilinganisha mambo haya, tunapata neno moja lenye kufaa kukumbukwa. Sheria ya 1988 haikufa kwa sababu musaada wake ulikuwa mubaya. Ilikufa kwa sababu ilidai kabla ya kutoa, kwa sababu watu hawakuelezwa vizuri nani atalipa na kiasi gani, na kwa sababu muzigo wa wagonjwa uliwekwa juu ya kundi moja badala ya kugawanywa kati ya wote. Asiransi ni mikono mingi yenye kushika kamba moja. Ukiwaambia wazee waishike peke yao, usishangae wakiiacha.

Nasi tunaofundisha watu, na mara nyingi kuombwa tuwaeleze amri za serikali na mashauri ya vyama vya kusaidiana, tujifunze hapa kazi yetu. Tujue hesabu kabla ya kusema. Tumuambie kila mutu wazi: hiki utatoa, hiki utapata, na siku fulani. Na watu wakipiga kelele, tuwasikilize, kwani mara nyingi wana haki. Lakini kisha tuingie ndani ya nyumba, tumuulize na yule asiyeweza kutoka.